Mnyanyua Vyuma na Dawa ya Tabibu

Mwezi wa Julai mwaka 2016, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, Eddie Hall aliinama mbele ya chuma chenye uzito wa kilo 500, akakikamata kwa mikono miwili na kukiinua kutoka sakafuni hata magoti na nyonga zake zikanyooka, jambo ambalo hakuna aliyepata kulifanya kabla yake mbele ya waamuzi. Na mwaka uliofuata, huko Gaborone nchini Botswana, alitawazwa kuwa mwenye nguvu kuliko wote duniani. Waliomtazama siku hizo hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba mtu yule, kwa kauli yake mwenyewe aliyoitoa hadharani, alikuwa ameandamwa na wasiwasi na sonona tangu siku za ujana wake. Wala hakuwa peke yake. Raven Saunders wa Marekani, aliyetwaa medali ya fedha ya kutupa tufe katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, amesimulia bila kificho jinsi alivyofikia, mwanzoni mwa mwaka 2018, ukingo wa kuitoa roho yake mwenyewe, akaokolewa na ujumbe mfupi aliompelekea mtaalamu aliyewahi kumtibu.

Ni dawa gani wamepata kunywa hawa wawili, hilo ni baina yao na matabibu wao. Nimewataja kwa kuwa habari zao zinaibomoa dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu, kwamba mwili wenye nguvu ni ushahidi wa nafsi isiyo na maradhi, na kwamba mwenye kifua kipana hana haja na kidonge cha kutuliza moyo. Katika kila chumba cha mazoezi, kiwe cha vioo na viyoyozi au kiwe banda la mabati lenye vyuma vya kuungaunga, yumkini yupo mtu ambaye asubuhi ya leo, kabla hajashika chuma, amemeza dawa aliyoandikiwa kwa maradhi ya akili. Naye akiazimia kushindana hujiuliza maswali mawili, la kwanza kama sheria inamruhusu, na la pili kama mwili wake utasalimika. Majibu yake hayalingani. Sheria ni pana kuliko watu wanavyoihofu, na hatari ni kubwa kuliko wanavyoidhania, ila haiko pale wanapoitafuta: iko kwenye mizani ya kupimia uzito wa mwili, na iko kwenye siri.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, naueleza kwa ufupi. Kunyanyua vyuma kwa mashindano kuna namna mbili zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni ile ya Olimpiki, ambamo chuma hupandishwa juu ya kichwa, ama kwa mkupuo mmoja, ama kwa kutuliwa kwanza mabegani. Ya pili, ambayo shirikisho lake la kimataifa liliundwa mwaka 1972, ina mitihani mitatu, yaani kuchuchumaa na chuma mabegani na kuinuka nacho, kulala chali juu ya benchi na kukisukuma kutoka kifuani, na kukiinua kutoka sakafuni hadi mwili usimame wima. Katika kila mtihani mshindani hupewa majaribio matatu, waamuzi watatu wakimkodolea macho, na wawili kati yao wakiwasha taa nyeupe jaribio limekubaliwa. Lakini kabla ya yote hayo hupanda mizani, maana washindani hugawanywa kwa uzito wa miili yao, wanaume wakianzia kilo 59, kisha 66, 74, 83, 93, 105 na 120, hata wale waliozidi hapo. Na kanuni za shirikisho hilo zinataka upimaji huo ufanyike si mapema zaidi ya muda wa saa mbili kabla ya mashindano kuanza. Muda huo wa saa mbili, msomaji, uweke akilini, kwa kuwa nitaurudia.

Tuanze na sheria, iliyo nyepesi zaidi. Shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, lijulikanalo kwa jina la WADA, liliundwa mwaka 1999, makao yake yako Montreal nchini Kanada, nalo kila mwaka hutoa orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Januari. Mgonjwa mwenye khofu huisikia habari ya orodha hiyo akadhani kila kidonge kitokacho hospitali ya maradhi ya akili, iwe Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi au Kidongo Chekundu ya Unguja, kimo ndani yake. Sivyo. Dawa za sonona ambazo hutumiwa mno, kama fluoksetini, setralini na amitriptilini, hazimo; lithiamu haimo; haloperidoli, klopromazini, risperidoni na olanzapini, ambazo huwatuliza wenye kusikia sauti na kuona yasiyokuwapo, hazimo; wala diazepamu na jamaa zake hazimo. Bupropioni imewekwa kwa miaka mingi chini ya uangalizi, yaani hutazamwa katika sampuli ili ijulikane inatumiwa kwa kiasi gani, bighairi ya mtumiaji wake kuadhibiwa. Propranololi, ambayo huandikiwa baadhi ya watu kwa ajili ya mapigo ya moyo ya wasiwasi au mtetemeko wa mikono, ni haramu kwa mlenga shabaha wa mshale na wa bunduki, ambao utulivu wa mkono ndio mtaji wao, lakini ni halali kwa mnyanyua vyuma.

Panapobana ni kwenye dawa za kuchangamsha, hasa methilfenideti na zile za jamii ya amfetamini, ambazo hupewa watu wenye upungufu wa umakinifu na kutotulia, maradhi ambayo zamani yalidhaniwa kuwa ni utundu wa watoto tu na sasa yanajulikana kuwa huwafuata wengi hadi utu uzima. Hizi zimepigwa marufuku wakati wa mashindano, na wakati huo kwa hesabu ya WADA huanza saa tano na dakika 59 usiku wa kuamkia siku ya mashindano, ukaendelea mpaka sampuli zimekwisha kuchukuliwa. Mtu asihadaike kwa kusema kwamba atameza kidonge juzi na kukiacha jana, kwa kuwa dawa haitoki mwilini kwa amri ya saa, na kanuni humwajibisha mshindani kwa kila kitakachoonekana katika mkojo wake, awe alikusudia au hakukusudia. Njia ya haki ni kuomba ruhusa ya kutumia dawa kwa ajili ya matibabu, na ruhusa hiyo hutolewa iwapo maradhi yamethibitishwa na tabibu kwa maandishi, iwapo dawa haitampa mtumiaji nguvu kupita ile ya siha yake ya kawaida, iwapo hapana dawa nyingine ya halali iwezayo kushika mahali pake, na iwapo haja ya dawa hiyo haikutokana na kutumia vitu vya haramu hapo kabla. Maombi yapelekwe siku 30 au zaidi kabla ya mashindano. Aliyeko Kenya, kwa mfano, analo shirika la nchi yake, ADAK, lililosimamishwa kwa sheria ya mwaka 2016, nalo ndilo mlango wa kwanza wa kubisha kwa mshindani asiye wa daraja la kimataifa.

Kwamba ruhusa hiyo ni jambo la heshima, dunia iliona mwezi wa Septemba mwaka ule ule wa 2016, wezi wa mitandao walipoiba kumbukumbu za WADA na kuzitangaza, zikiwamo za Simone Biles, mwanasarakasi wa Marekani aliyekuwa ametoka Rio de Janeiro na medali 4 za dhahabu. Waliotaka kumfedhehesha walionyesha kwamba alikuwa akitumia methilfenideti. Naye akajibu bila kupepesa kwamba ana maradhi ya upungufu wa umakinifu, kwamba ametumia dawa tangu utotoni, na kwamba hapana cha kuonea haya. Ruhusa alikuwa nayo, karatasi zilikuwa sawa, na kashfa ikawarudia wezi.

Kipimo chenyewe cha mkojo kina adha zake, ambazo si wengi huwaambia wagonjwa mapema. Mshindani hutakiwa atoe mililita 90 kwa uchache, mbele ya macho ya msimamizi wa jinsia yake, na aandike katika fomu dawa alizozitumia ndani ya siku 7 zilizopita. Amitriptilini na klopromazini hulegeza kibofu kiasi cha kumfanya mtu akae saa nzima akingoja; lithiamu, kinyume chake, humfanya mwingine anywe maji mengi na kutoa mkojo mwepesi mno, hata sampuli ikakataliwa na akaambiwa angoje atoe nyingine, na nyingine tena, ilhali wenzake wamekwisha kwenda kula. Hakuna kosa hapo. Ni kuchoka tu, na mwenye kujua sababu hachoki sana.

Sasa niingie katika jambo lililonisukuma kuandika. Mwaka 1949 John Cade, tabibu wa Australia aliyekuwa ametumia miaka ya vita akiwa mfungwa wa Wajapani huko Changi, Singapore, alitangaza katika jarida la matabibu la nchi yake kwamba chumvi ya lithiamu iliwatuliza wagonjwa 10 waliokuwa katika hali ya kupandwa na akili. Tangu hapo lithiamu imebaki kuwa mojawapo ya dawa zenye kutegemewa kwa maradhi ya kupanda na kushuka kwa moyo, yale yaitwayo bipola, na ni miongoni mwa dawa chache ambazo zimedhihirika kupunguza vifo vya kujiua. Lakini ina tabia moja ya ukali: kiasi chake kinachoponya na kiasi chake kinachodhuru vinakaribiana mno. Damu ya mgonjwa aliye katika matibabu hutakiwa aghalabu iwe na lithiamu baina ya milimoli 0.6 na 1.0 kwa lita, ikipita 1.5 sumu imeanza, na ikizidi sana huweza kuua au kumwachia mtu kilema cha ubongo. Kwa sababu hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara, na kwa sababu hiyo hiyo lithiamu haikuruhusiwa nchini Marekani mpaka mwaka 1970.

Mafigo ndiyo yanayoitoa lithiamu mwilini, na mafigo hayaitofautishi vema na sodiamu iliyomo katika chumvi ya chakula. Mwili ukipungukiwa na maji au chumvi, mafigo hushika kwa nguvu kila punje ya sodiamu yasiiache ipotee, na katika kuishika huishika lithiamu pia, hivyo mtu aliyemeza vidonge vile vile vya kila siku hujikuta na dawa nyingi zaidi katika damu yake bila ya kuzidisha hata kimoja. Basi mtazame mnyanyua vyuma mwenye kilo 86 anayetaka kushindana katika daraja la 83. Siku 2 kabla ya mashindano huacha chumvi, kisha huacha maji, huvaa nguo za plastiki na kukimbia juani, huketi katika chumba cha mvuke, hutema mate katika kikombe, na baadhi, wakivunja sheria kwa kuwa dawa za kukojosha ni haramu wakati wote, humeza vidonge vya kukausha maji. Hila hizo, zikijumlishwa, huweza kuipandisha lithiamu. Kisha viungo humuuma kwa mazoezi, naye huingia duka la dawa lililo jirani na kununua ibuprofeni au diklofenaki bila kuulizwa swali, nazo zote mbili hupunguza uwezo wa mafigo wa kuitoa lithiamu. Tena alikuwa mnywaji wa kahawa nyingi, na kahawa huitoa lithiamu kwa wingi; akiiacha ghafula ili apunguze maji tumboni, lithiamu hupanda zaidi. Ndani ya muda ule wa saa mbili niliousema, ambao kwa mtu mwenye siha unatosha kwa shida kurudisha maji, yeye anatakiwa ashindane.

Hukumu yangu juu ya jambo hili haina nusu: anayetumia lithiamu asikaushe maji kwa ajili ya mizani, wala kwa kilo 3, wala kwa kilo 1. Na apande daraja. Kushindana katika daraja la 93 ukiwa na kilo 86 kunakupunguzia nafasi ya medali, sikatai, lakini hakuna shirikisho linalotoa medali kwa mafigo yaliyokufa. Akitaka kupunguza mwili kwa hakika, apunguze mafuta kwa miezi, kwa chakula, chumvi ikiwa ile ile na maji yakiwa yale yale, na tabibu akimpima damu katikati ya safari. Amwambie tabibu pia kama anatumia kriatini, unga upendwao na wenye kutafuta misuli, ambao si haramu. Unga huo hupandisha kriatinini katika damu, kipimo kilekile ambacho hutumika kuyachunguza mafigo, na tabibu asiyeambiwa huweza kudhani mafigo yanaharibika na kusimamisha dawa isiyostahili kusimamishwa.

Dawa nyingine zina mambo yake, ambayo nitayapitia kwa haraka. Olanzapini na klozapini huongeza hamu ya kula na uzito wa mwili, pengine kilo nyingi ndani ya miezi michache, na kijana aliyejisifia daraja lake hujiona amesalitiwa na tiba. Hapo napo jawabu ni kuzungumza na tabibu juu ya dawa mbadala, au kupanda daraja, si kuvitupa vidonge. Dawa za jamii ya haloperidoli na klopromazini huupunguzia mwili uwezo wa kujipoza, jambo ambalo katika joto la Mombasa au la Dar es Salaam mwezi wa Februari, chini ya paa la bati, si dogo. Baadhi hushusha shinikizo la damu mtu anaposimama, na aliyekwisha kushika pumzi na kuinua chuma kizito, kisha akakiweka chini, huweza kuona kiza na kuanguka. Ndiyo maana inampasa mwenye kutumia dawa hizo asubiri kidogo kabla hajageuka kushuka jukwaani. Risperidoni huweza kushusha homoni za kiume, na wapo ambao katika chumba cha mazoezi hushauriwa na marafiki wajidunge testosteroni ili kuziba pengo, ushauri unaomtoa mtu katika maradhi yenye ruhusa na kumtia katika kosa lenye adhabu ya miaka. Unga wa kuchangamsha unaonywewa kabla ya mazoezi, uliojaa kafeini na pengine vitu visivyoandikwa katika kopo, haukai vema na dawa zinazopandisha mapigo ya moyo. Na tramadoli, dawa ya maumivu ambayo tangu tarehe 1 Januari 2024 imekuwa haramu wakati wa mashindano, ikichanganywa na dawa za sonona huweza kuleta homa, mtetemeko na degedege.

Lakini kosa linalotendwa kuliko yote si la kuchanganya bali la kuacha. Mshindani huona kwamba dawa inamfanya mzito asubuhi, au anaogopa orodha ambayo hakuisoma, akaiacha wiki moja kabla ya mashindano kwa azma ya kuirudia baadaye. Dawa za sonona zikiachwa ghafula humletea mtu kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira na hisia za umeme kupita kichwani, ambazo ni maandalizi mabaya kwa mtu atakayebeba kilo 200 mabegani. Na lithiamu ikiachwa ghafula huweza kurudisha maradhi kwa kishindo kuliko yalivyokuwa. Uzito wa asubuhi una tiba nyepesi mara nyingi, kama kuhamisha saa ya kidonge cha usiku, na uamuzi huo huchukua dakika chache katika chumba cha tabibu.

Wapo pia wanaoacha kwa sababu njema zaidi, nayo ni kwamba mazoezi yenyewe yamewaponya. Sina la kubishana nao juu ya faida ya chuma: mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio 33 yenye watu 1,877 na kuona kwamba mazoezi ya kunyanyua uzito yanapunguza dalili za sonona kwa kiasi cha kuridhisha, iwe mtu ameongeza nguvu nyingi au kidogo. Hata hivyo, nafuu hiyo si amri ya kutupa dawa, na sonona nyepesi si sawa na maradhi ya kusikia sauti. Mwenye kupata nafuu kwa vyote viwili hana sababu ya kukitaliki kimojawapo.

Inabaki siri, ambayo naielewa. Katika jamii zetu neno wazimu hutupwa kwa urahisi, na mtu mwenye misuli aliyezoea kusifiwa hapendi kuulizwa na wenzake kama amemeza vidonge vyake leo. Simwambii mtu atangaze maradhi yake jukwaani, wala abandike karatasi ukutani. Namwambia achague mmoja, mwalimu wake au mwenzake wa mazoezi mwenye amana, amweleze jina la dawa na sababu yake, na tabibu naye aambiwe wazi kuwa mgonjwa wake ni mshindani, kwa kuwa hata misuli iliyochoshwa na mazoezi humwaga katika damu kimeng'enya ambacho hupanda pia katika madhara makubwa ya baadhi ya dawa hizi, na tabibu asiyejua habari za chuma husoma kipimo hicho vibaya.

Na huyo mmoja aliyeaminiwa afundishwe jambo hili: mtetemeko mdogo wa vidole kwa mwenye kutumia lithiamu ni wa kawaida, walakini mtetemeko unaozidi, kutapika, kuharisha, kupepesuka na maneno kukokota ulimini, yakimpata mtu aliyejinyima maji kwa ajili ya mizani, asiyaite uchovu wala hofu ya jukwaa. Asingoje mwenzake apimwe uzito. Ampeleke hospitali saa ile ile, na akifika, la kwanza kumwambia tabibu liwe jina la dawa, la pili saa kidonge cha mwisho kilipomezwa, na la tatu ni muda gani umepita tangu alipokunywa maji.